Ngwala si Kafara

Siku hizi ukitaka kuua mjadala wa sataranji huhitaji hoja, unahitaji simu. Unapanga kete kwenye programu, unasubiri sekunde kumi, unamgeuzia mwenzako kioo na kusema: "Kompyuta imesema." Basi. Aliyekuwa anaeleza anafunga mdomo, aliyekuwa anafikiri anaacha kufikiri, na kikao kinahamia kwenye chai. Nimeyaona haya Dar es Salaam ninakosoma shahada ya uzamili ya takwimu, na likizo hii nimeyaona nyumbani Tukuyu, ambako yameniudhi zaidi. Naandika kuyapinga. Nayapinga nikiwa upande wa namba, maana namba ndiyo kazi yangu, na sipendi kuona namba ikisingiziwa maneno ambayo haikuyasema.

Kisa chenyewe ni kidogo. Jumamosi moja ya mvua (na Tukuyu, Jumamosi isiyo na mvua ni ya kuwekewa alama kwenye kalenda) wanafunzi wa sekondari kadhaa walikusanyika darasani kucheza. Tulikuwa na ubao mmoja wa mbao na miwili ya karatasi ngumu. Ngome moja ilishapotea siku nyingi, nafasi yake imechukuliwa na kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi. Binti wa kidato cha tatu alikuwa na kete nyeusi. Hatua ya tatu akamsukuma askari wake hadi b5 na kumwacha aliwe. Kocha mmoja kutoka mjini, aliyekuja kututembelea, alimsubiri amalize, akatoka sare, kisha akamwonyesha simu: Mweupe yuko mbele kwa 0.7. "Umeona? Umetoa askari bure. Achana nalo hilo, kompyuta imeshalikataa." Binti akajibu, "Sawa, mwalimu," akafungua daftari lake na kufuta kitu kwa kifutio.

Ufunguzi aliocheza unaitwa Benko, kwa jina la Pal Benko, Mhungaria aliyehamia Marekani na kuupa umaarufu mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970. Mweupe anamsukuma askari wa malkia hadi d4, Mweusi anatoa farasi f6. Mweupe c4, Mweusi c5. Mweupe anapita hadi d5, na hapo Mweusi anamsogeza askari wake b5, mbele ya mdomo wa yule wa c4. Akiliwa, Mweusi anasukuma a6 na kumkaribisha mgeni ale tena. Akila tena, askofu wa Mweusi analipiza pale a6. Hesabu inabaki hivi: Mweupe ana askari saba, Mweusi sita.

Sasa tazama Mweusi amepata nini. Safu za a na b hazina tena askari wake hata mmoja, kwa hiyo ngome zake mbili zinasimama pale na kuwakodolea macho askari wa Mweupe wa a2 na b2 mchana kutwa. Askofu wake mwingine, akikaa g7, anapiga mshazari mrefu kuelekea upande huohuo. Mweupe akitaka kusukuma e4 kwa pupa, askofu wa a6 anamla askofu wa f1, mfalme analazimika kulipiza mwenyewe, na ruhusa ya kujificha pamoja na ngome imekwisha. Inabidi atembee kwa miguu hadi g2, kama mtu aliyekosa gari la Katumba. Halafu kuna hili ambalo mimi hulipenda kuliko yote. Kwa kawaida aliyetoa askari huogopa kubadilishana malkia, kwa sababu shambulio linakufa na deni linabaki. Kwenye Benko malkia wakiondoka, mara nyingi Mweusi ndiye anayepumua. Ngome zake bado zina safu zao, na askari wa a2 na b2 bado wanahitaji mlinzi.

Nilimuuliza binti kwa nini alicheza b5. Alisema: "Dada, nikimpa huyo, ngome zangu zinapata kazi mapema. Za kwake zinalala." Hiyo ni tathmini. Ina sababu ndani yake, na unaweza kuijibu kwa sababu nyingine: unaweza kumwambia kwamba Mweupe akiwahi kuikalia b5 kwa kete zake, kazi ya ngome hizo inapungua. Mkabishana, mkapanga kete, mkajaribu. Lakini 0.7 utaibishia nini?

Tena tuitazame hiyo 0.7 yenyewe. Wengi huisoma kama bei sokoni: Mweupe anazidi kwa sehemu saba za kumi za askari. Zamani ilikuwa inakaribia hivyo. Kuanzia toleo la 15.1 la Stockfish, lililotoka mwishoni mwa 2022, namba hiyo ilikatwa kamba na askari. Waliotengeneza programu walieleza wenyewe kwamba 1.00 maana yake ni kuwa upande ulio mbele una uwezekano wa asilimia 50 wa kushinda, pale programu inapocheza dhidi ya nafsi yake. Rudia kusoma maneno ya mwisho. Kwa hiyo, kama programu ya kocha ni ya karibuni, 0.7 yake inasema hivi: Stockfish akikaa upande mmoja na Stockfish upande wa pili, Mweupe atashinda chini ya nusu ya michezo, na sehemu kubwa ya inayobaki itakuwa sare. Hakuna askari aliyepimwa hapo. Na hakuna binti wa kidato cha tatu aliyehesabiwa.

Swali la kwanza la mtu wa takwimu ni fupi: sampuli imetoka wapi? Hapa imetoka kwa mashine mbili zisizosikia njaa ya saa nane mchana, zisizotetemeka dakika zikibaki mbili, zinazopekua nafasi kwa mamilioni kabla ya kugusa kete. Kuchukua matokeo ya kundi hilo na kumbandika mtoto wa Tukuyu ni kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukatwa alama. Ni sawa na kupima mwendo wa magari kwenye lami ya Uyole hadi Kasumulu, kisha ukamtangazia mtu wa ndani kabisa Busokelo saa ya kufika nyumbani kwake mwezi wa nne, tope likiwa magotini.

Isitoshe, mashine zenyewe zimebadili mawazo, na waumini wake hawakutangaziwa. Kwa miaka mingi programu za sataranji zilipima nafasi kwa vigezo walivyowekewa na binadamu, na hesabu ya kete ndiyo iliyokuwa na uzito mkubwa. Mwaka 2017 ikaja AlphaZero ya DeepMind, iliyojifunza kwa kucheza yenyewe na yenyewe. Ilikutana na Stockfish ya wakati huo kwa michezo 100: ikashinda 28, ikatoka sare 72, haikupoteza hata mmoja. Michezo iliyowaacha wakubwa midomo wazi ni ile ambayo ilitoa askari, wakati mwingine hata zaidi ya askari, bila haraka ya kulipwa. Mwaka 2020 Stockfish nayo ikawekewa mtandao wa neva. Kete zilezile, miraba ileile, namba tofauti. Kwa hiyo mtu akiniambia kompyuta imesema, namuuliza: ya mwaka gani?

Tatizo jingine ni neno tunalotumia. Kwa Kiswahili wengi tunasema "kafara ya askari", na neno hilo lina mzigo wake. Kafara hutolewa ili balaa likupite. Ikishatolewa hairudi, na anayetoa haombi risiti. Ukimwambia mtoto ametoa kafara, umeshamwambia kwamba amepoteza, kilichobaki ni kubahatisha kama balaa limeridhika. Wazungu wanasema gambit, nalo wamelitoa kwenye gambetto la Kiitaliano, kumtegea mtu mguu aanguke. Padri wa Kihispania, Ruy López, ndiye aliyeliingiza kwenye kitabu cha sataranji mwaka 1561. Sisi neno hilo tunalo, kila aliyecheza mpira kwenye matope analijua: ngwala. Ukipiga ngwala unautoa mguu wako mwenyewe, unaweza kuumia wewe, lakini unachokitafuta ni mwendo wa mwenzako. Napendekeza tuseme ngwala. Wanaopenda kafara waiache njia panda inakostahili.

Wala huna haja ya kwenda Italia. Simama kwenye kijiwe chochote cha drafti hapa mjini, pale bodaboda wanaposubiri abiria, ubao umechorwa kwenye kipande cha boksi, kete ni vizibo vya soda upande huu na vya bia upande ule. Kwenye drafti kula ni lazima. Mjomba wangu, fundi baiskeli, ana tabia ya kukusogezea kizibo na kusema kwa upole wa baba mkwe, "Kula kwanza mwanangu, ukishiba tutaongea." Ukila umekwisha. Anazoa vitatu vyako kwa mpigo na kuingia kingi. Nimesimama pale tangu nikiwa na sare ya shule ya msingi, na sijawahi kumsikia mtazamaji akisema mjomba yuko nyuma kwa kizibo kimoja. Wanaulizana jambo moja tu: huyu akishakula, atakuwa amekaa wapi?

Lakini nisichanganye mambo. Mjomba anajua atakachopata kabla hajatoa. Amekwisha kuhesabu hadi mwisho. Rudolf Spielmann, Mwaustria aliyeishi kwa kushambulia, aliandika kitabu kizima mwaka 1935 kutenganisha vitu hivi viwili. Kutoa ambako malipo yake yanahesabika, alisema, si kutoa kwa kweli. Kutoa kwa kweli ni pale ambapo hesabu haifiki mwisho na unabaki na uamuzi wako. B5 ya binti ni ya aina hii ya pili. Hajui kama atalipwa, wala lini. Ndiyo maana inahitaji tathmini, na ndiyo maana namba moja haiwezi kuwa tathmini hiyo.

Basi inapimwaje? Mimi naanza kwa kumtazama anayekula. Ili askari yule wa ziada amfae, lazima afanye nini? Kwenye Benko jibu ni kazi ndefu: atoe kete zake zote salama, amfiche mfalme au amtembeze, amlinde b2, asifungwe na mshazari wa g7, kisha, labda hatua ya thelathini na kitu, aanze kumsukuma askari wa a mbele ngome mbili zikimtazama. Hatua hizo zote zipo na mashine inaziona. Swali ni kama mkono wa mwanafunzi unaziona, saa ikienda, mfululizo, bila kukosea mbili. Kisha namtazama aliyetoa. Je, akikosea kidogo anakufa, au anabaki na kitu? Mweusi wa Benko akikosea kidogo bado ana ngome kwenye safu wazi. Hatua zake ni zilezile kila mchezo na unaweza kumfundisha mtu jioni moja. Mzigo wa kufikiri umehamia upande wa pili wa meza. Huo mzigo una bei, na bei yake haimo kwenye 0.7, kwa sababu mashine haichoki kubeba. Halafu namwangalia mwenye deni: anaweza kurudisha askari akaondoka salama? Wachezaji wazuri hufanya hivyo, wanamrudisha askari na kuchukua utulivu. Wabaya wanamng'ang'ania askari huyo kama risiti ya mbolea ya ruzuku.

Historia nayo haiwasaidii wenye haraka. Mwaka 1918 mjini New York, Frank Marshall alimtolea Capablanca askari kwenye ufunguzi wa Ruy López, hatua ya nane, d5. Capablanca alikula, akavumilia shambulio, akashinda kwa hatua 36. Kama kungekuwa na simu siku hiyo, hukumu ingetoka kabla chai haijapoa: limekataliwa. Marshall akarudi mezani kwake, akabadili hatua moja ya baadaye akaweka c6, na leo zaidi ya miaka mia moja imepita, mabingwa wengi wakubwa wakiwa na kete nyeupe wanatafuta njia za pembeni ili wasikutane na askari huyo aliyeshindwa. Bobby Fischer naye: mwaka 1960 alipigwa na Spassky kwa ngwala ya mfalme, mwaka 1961 akaandika makala ya kuizika kabisa. Mwaka 1963, kwenye ubingwa wa Marekani, aliicheza mwenyewe dhidi ya Larry Evans, kwa kutanguliza askofu badala ya farasi, akashinda.

Nikiwa hapo kwa Fischer, kuna habari ya Benko ambayo huwa nawasimulia wanafunzi ingawa haimo kwenye ubao. Mwaka 1970 Benko alikuwa na nafasi yake halali kwenye mashindano ya mchujo wa dunia kule Palma de Mallorca. Aliachia nafasi hiyo ili Fischer, ambaye hakuwa amefuzu, aingie. Fischer alishinda mchujo ule, na 1972 akawa bingwa wa dunia. Sijui mashine ingeandika nini pembeni ya hatua hiyo.

Sitetei kila anayegawa kete. Kuna ngwala za kijinga. Huko mitandaoni vijana wanapenda kitu kinaitwa Stafford, ambapo Mweusi anatoa askari wa e5 kwa ajili ya mitego mitano sita. Mwenzako akiijua mitego hiyo, umebaki umekaa na upungufu wako na huna safu, huna mshazari, huna chochote cha kufanya ila kusubiri kosa. Hiyo naipima kwa maswali yaleyale na inaanguka. Nikimkuta mwanafunzi anaicheza kwenye mchezo wa dakika tano nacheka naye. Kwenye mashindano namwambia aache, na namwambia kwa nini. Kwa nini ndiyo sehemu ambayo kocha aliiruka.

Wapo waliosema baada ya mvua kukatika kwamba kocha alikuwa na nia njema, watoto wajue misingi kwanza. Misingi ipi? Safu wazi ni msingi. Askofu kwenye mshazari mrefu ni msingi. Kujua kumalizia mchezo bila malkia ni msingi kuliko yote, na Benko inavifundisha vyote hivyo kwa mkupuo mmoja. Kinachoitwa misingi hapa mara nyingi ni kukariri mistari mirefu isiyotoa kitu na isiyokosea kitu, hatua kumi na nane hadi ishirini, na hilo lina watu wake. Mtoto wa mjini mwenye kompyuta mpakato, data za kila siku na mwalimu wa kulipwa atakariri. Wangu wanagawana mbao tatu na kifuniko cha dawa ya kikohozi. Ukimwambia binti huyu aingie kwenye mstari ambao mwenzake ameusoma hadi hatua ya ishirini, umempeleka aliko dhaifu kwa jina la usalama. B5 inawatoa wote wawili kwenye daftari mapema na kuwaweka kwenye nafasi ambayo mmoja anajua anatafuta nini. Kwa mazingira yake, huo ndio mchezo wa tahadhari.

Watu wa Rungwe hawana haja ya kufundishwa hili na mimi. Aliyepanda miche ya parachichi ya kubebesha pale palipokuwa na migomba yake amekaa karibu miaka mitatu bila kuvuna tunda la kuuza. Ungekwenda na kikokotoo mwaka wa pili ungemkuta kwenye hasara kila ulipobonyeza. Wengine kweli walipata hasara, walipanda bondeni penye maji yanayotuama, mizizi ikaoza. Jirani anayejua kilimo alikuwa anaangalia udongo, mteremko na aina ya mche, halafu ndipo anasema.

Nilichomwomba binti ni kwamba arudishe alichofuta kwenye daftari. Alikuwa ameandika, pembeni ya b5, alama ya mshangao na neno "ngome". Amerudisha neno, alama bado anaifikiria, na ana haki.

Kwako kocha, kama unasoma: nitakuwa Tukuyu hadi chuo kifunguliwe. Njoo Jumamosi yoyote. Michezo kumi, dakika 25 kila upande, binti awe Mweusi na wewe Mweupe, simu zote kwenye kapu la mwalimu wa zamu. Kila hatua iandikwe kwa penseli. Ukila askari, ukimkataa, ukimrudisha, tutaona na tutajadili. Michezo kumi ni sampuli ndogo, na nitakueleza ni ndogo kiasi gani kabla hatujapanga kete. Njoo na koti la mvua.